Majibu ya mchujo yamekutia hofu: namna ya kuamua kama upime zaidi au uishie hapo

Mi niliambiwa kwa simu, nikiwa nimesimama. Mimba ina wiki 13, nesi akasema majibu yako ya mchujo wa sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo, mtoto anakuwa na kromosomu moja ya ziada na anachelewa kujifunza) yametoka "hatari kubwa", 1 kati ya 85, njoo uonane na dokta, basi, simu ikakatika. Zile siku tatu mpaka kuonana na dokta sikula vizuri, sikulala, na kilichoniumiza zaidi wala haikuwa ile namba, ni kwamba sikujua naulizwa nini. Kila mtu ananiambia amua, amua, na mi hata sijui naamua kuhusu kitu gani. Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo ningetamani mtu angekaa na mimi akanieleza taratibu wiki ile. Sio dokta mimi, na maneno haya hayachukui nafasi ya dokta wako, ila kuna maswali ambayo hata dokta awe bingwa kiasi gani hawezi kukujibia, na hayo ndio nataka tuyashike vizuri.

La kwanza kabisa, usiamue chochote siku ileile ya simu. Kalenda ipo, nitaieleza huko mbele, lakini ni kalenda ya wiki, sio ya masaa. Siku mbili tatu za kulia na kupumua zipo, zitumie.

Hiyo namba inasema nini hasa

Kipimo ulichofanya ni cha mchujo. Fikiria chekeche. Chekeche halikwambii kila kilichobaki juu ni kibaya, linakwambia tu hivi vilivyobaki juu vitazamwe kwa karibu. Ukipimwa kati ya wiki 11 na 14 wanachukua damu yako wanaangalia homoni na protini za kondo la nyuma, alafu kwa ultrasaundi wanapima upana wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, wanaongeza umri wako, kompyuta inapiga hesabu. Ukichelewa, kama wiki 15 hadi 20 hivi, wanatumia damu peke yake, vitu vinne ndani yake. Sasa ona, katika yote hayo hakuna hata sehemu moja ambapo mtu ameziona kromosomu za mwanao, yaani zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Hakuna. Wamekadiria.

1 kati ya 85 maana yake wakusanywe wajawazito 85 wenye majibu kama yako ndani ya ukumbi mmoja, 84 kati yao mtoto hana hilo tatizo. Mmoja anaye. Na mstari wa kuita "kubwa" au "ndogo" umechorwa na watu, kuna nchi wanachora kwenye 1 kati ya 150, kuna nyingine 1 kati ya 250 au 300, kwa hiyo mama mwenye 1 kati ya 200 akiwa huku anaambiwa nenda nyumbani uko salama na akiwa kule anaambiwa kaa chini tuongee, wakati mtoto ni yuleyule. Ndio maana nasema usikubali kuondoka na neno "hatari kubwa" tupu. Omba namba. Omba karatasi.

Na ukishaipata karatasi uliza kitu kingine ambacho mimi nilichelewa kuuliza: namba yangu imepandishwa na nini? Hapa ndipo penye siri nyingi. Umri peke yake unapandisha, mama wa miaka 25 uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye sindromu ya Down ni kama 1 kati ya 1,250, miaka 35 ni kama 1 kati ya 350, miaka 40 kama 1 kati ya 100. Kwa hiyo 1 kati ya 85 kwa mama wa miaka 40 ni karibu umri wake ndio unaongea, damu na ultrasaundi hazijaongeza kitu cha maana. Ila 1 kati ya 85 hiyohiyo kwa binti wa miaka 24 maana yake kuna kitu kwenye damu au kwenye shingo kimeonekana. Namba moja, habari mbili tofauti, na hakuna atakayekwambia usipouliza.

Ikiwa kilichopandisha ni yale maji ya nyuma ya shingo, hasa yakiwa milimita 3.5 na kuendelea, habari inabadilika, sababu hapo sio Down peke yake, panaweza kuwa na tatizo lingine la kromosomu au la moyo ambalo vipimo vya damu havilioni. Wataalamu wengi hapo watakushauri uende moja kwa moja kwenye kipimo cha uhakika, kile cha sindano ya tumboni nitakachokieleza huko mbele, na hata kromosomu zikitoka sawa moyo wa mtoto uangaliwe na mtu anayejua mioyo ya watoto. Ikiwa ni ile protini ya kondo inayoitwa PAPP-A iko chini sana, muulize dokta kuhusu kondo lenyewe, maana kiwango cha chini kinaweza kuendana na mtoto kutokua vizuri au presha ya mimba, na aspirini ya dozi ndogo, kwa wanaoihitaji, hufaa kuanza kabla ya wiki 16, usiinunue mwenyewe lakini uliza mapema. Na ikiwa kilichopanda ni AFP, protini ya mtoto inayoonekana kwenye damu yako, mara nyingi hoja inakuwa ni mgongo wazi au ukuta wa tumbo la mtoto na sio kromosomu, na hatua inayofuata ni ultrasaundi ya kina sio sindano. AFP inapanda pia kama una pacha, au kama tarehe zako zimekosewa.

Tarehe! Mengi yanaharibikia hapa. Hesabu yote ya mchujo imesimama juu ya umri wa mimba, kwa hiyo kama uliwapa tarehe ya hedhi ya kubahatisha na hujafanya ultrasaundi ya mapema, kabla ya jambo lolote hakikisheni wiki. Kuna watu hesabu inarudiwa na hofu yote inaisha hapohapo.

Kabla ya kuchagua kipimo

Watu wengi wanaanza na swali la "kipimo gani kizuri". Mimi pia. Nikasoma usiku kucha mpaka kichwa kikauma, na bado sikufika popote, sababu nilianzia katikati. Swali la kuanzia ni hili: jibu nikilipata, nitalifanyia nini? Ukishalijibu hilo kwa ukweli, kipimo kinajichagua chenyewe karibu.

Chukueni karatasi, wewe na mwenzako, kila mtu ya kwake, msionyeshane kwanza. Andika sentensi tatu. Ikitoka kwamba mtoto analo, mimi nita... Ikitoka hana, mimi nita... Nikikaa bila kujua mpaka siku ya kujifungua, mimi nita... Malizia kila moja kwa maneno yako, hata yakiwa mabaya, hata yakiwa ya aibu, hakuna atakayeyasoma zaidi yenu. Alafu ndio mbadilishane. Mimi na mume wangu tulidhani tunafikiri sawa, kumbe ile sentensi ya tatu kila mtu ameandika chake, yeye kaandika "nitasubiri tu kama kawaida", mi nimeandika "nitakuwa na mimba lakini sitakuwa na furaha nayo". Tuliongea mpaka saa nane usiku. Ndio usiku uliotusaidia kuliko daktari yeyote.

Wapo watakaoona kwamba jibu lolote halitabadilisha kitu, mtoto atapokelewa kama alivyo na wanaweza kuishi na kutojua. Hao wana haki kamili ya kuishia hapo, na kuishia hapo ni uamuzi, sio uzembe wala woga. Wapo ambao jibu halitabadilisha kuendelea na mimba lakini linabadilisha maandalizi, wanataka kujua wajifungulie wapi, nani awepo, wajifunze nini. Na wapo ambao wanajua au wanahisi kwamba kwa baadhi ya majibu hawataendelea na mimba. Hapa sitahubiri upande wowote. Nasema tu kwamba sheria zinatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, nyingine zina kikomo cha wiki, nyingine zinakataza, kwa hiyo kama na hilo limo kwenye mawazo yako uliza mapema na uliza waziwazi, ili usije ukafika mwisho wa safari ukakuta mlango umefungwa wiki iliyopita.

Kuna fomula utaambiwa: "hatari ya mtoto kuwa na tatizo ni kubwa kuliko hatari ya sindano kuharibu mimba, kwa hiyo pima." Fomula hii ina historia, zamani umri wa miaka 35 ulichaguliwa kuwa umri wa kupimwa kwa sindano kwa sehemu kwa hesabu hiyohiyo ya kulinganisha. Mimi siikubali, nasema wazi. Unalinganisha vitu viwili ambavyo havina uzito mmoja. Kuna mama ambaye kupoteza mimba yenye mtoto mzima kwa sababu ya sindano ni jambo ambalo hatajisamehe maisha yake yote, na kuna mama ambaye kushtukizwa chumba cha kujifungulia ndio jambo asiloliweza. Jiulize wewe ni lipi utakalolijutia zaidi, maana mizani hiyo iko ndani yako, haiko kwenye kompyuta ya maabara.

Njia zilizopo

Ya kwanza ni kutopima zaidi, nimeshaisema, ila hata ukiichagua usikose ile ultrasaundi ya kina ya wiki 18 hadi 22. Inaangalia moyo, mgongo, ubongo, tumbo, na hiyo inaweza kugundua vitu vya kushughulikia bila sindano yoyote. Tahadhari moja, ultrasaundi safi haimaanishi hakuna Down, watoto wengi wenye Down hawaonyeshi kitu kikubwa kwenye picha. Na kinyume chake, vile vialama vidogo kama kidoti kinachong'aa kwenye moyo au vijifuko kwenye ubongo, kikiwa kimoja peke yake na vingine vyote viko sawa, visikukoseshe usingizi, havina uzito sana.

Ya pili ni NIPT, kile kipimo cha damu cha DNA. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba ndani ya damu ya mama mjamzito kunaelea vipande vya DNA vinavyotokana na mimba, na kuanzia 2011 ikawa kipimo cha kununua. Kuanzia wiki 10 unatolewa damu mkononi tu, mtoto haguswi. Uzuri wake huo. Sasa tatizo ni jinsi kinavyouzwa, "asilimia 99", watu wakisikia hivyo wanadhani kikisema mtoto anayo Down basi ni asilimia 99 anayo. Sio hivyo na naomba unifuate kidogo kwenye hesabu.

Chukua wanawake 10,000 vijana ambao uwezekano wao ni 1 kati ya 1,000. Watoto 10 ndio wana Down, kipimo kitawakamata karibu wote. Lakini kipimo kinakosea pia kwa wasio nayo, tuseme 1 kati ya 1,000, kwa hiyo wengine kama 10 wataambiwa "ndiyo" kimakosa. Umeona? Walioambiwa ndiyo ni 20, nusu ni kweli nusu ni uongo. Haya, chukua sasa wanawake 8,500 wenye 1 kati ya 85 kama mimi. Watoto 100 wanayo, kipimo kinakamata kama 99, na kinakosea kwa kama 8. Hapo walioambiwa ndiyo ni 107 na 99 ni kweli. Kipimo ni kilekile, kilichobadilika ni mahali ulipoanzia. Na kikikwambia hapana, kwa namba kama yangu, ni kitu kama 1 kati ya 8,400 kwamba kimekosa, hiyo ndiyo iliyonitosha mimi.

Kinakosea kwa nini? Kwa sababu DNA hiyo inatoka kwenye kondo la nyuma, haitoki kwenye mwili wa mtoto mwenyewe, na mara chache kondo lina seli zenye tatizo ambazo mtoto hana. Au palikuwa na pacha aliyepotea mapema bila wewe kujua. Au ni kitu cha mama mwenyewe kwenye damu yake. Wakati mwingine pia hakitoi jibu kabisa, hasa DNA ya mimba ikiwa kidogo, inatokea zaidi kwa kina mama wenye uzito mkubwa au waliopima mapema mno. Usirudie rudie bila kuuliza, wakati unakimbia, na kukosa jibu nako ni jambo la kuongea na dokta.

Kwa hiyo NIPT nayo ni mchujo. Mzuri sana, lakini mchujo. Hizo hesabu nilizopiga ni za Down, kwa trisomia 13 (kromosomu ya 13 zikiwa tatu badala ya mbili) au mambo ya kromosomu za jinsia au vipande vidogo vilivyokatika, "ndiyo" yake inakosea mara nyingi zaidi. Usifanye uamuzi usiorudi nyuma kwa majibu ya NIPT peke yake. Tafadhali sana hapo.

Ya tatu ni kipimo cha uhakika, na ziko mbili. Kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma, kinafanyika kati ya wiki 11 na 14, na kutoa maji ya uzazi, amniosentesisi, kuanzia wiki 15. Usikubali amniosentesisi kabla ya wiki 15, ilijaribiwa zamani ikaonekana inaongeza mimba kuharibika na watoto wenye miguu iliyopinda. Hizi mbili zinaangalia kromosomu zenyewe. Ile ya kondo faida yake ni mapema, kasoro yake ni kwamba kwa kama 1 au 2 kati ya 100 majibu yanakuja mchanganyiko, seli nyingine sawa nyingine sio, na hapo utaambiwa subiri uje utolewe maji.

Kuhusu mimba kuharibika, utasikia 1 kati ya 100, utasikia 1 kati ya 200, hizo ni namba za zamani zaidi. Takwimu za miaka ya karibuni, kwa watu waliobobea, zinaonyesha ziada ya kama 1 hadi 3 kati ya 1,000 kwa maji, na ya kondo ni hapohapo au juu kidogo. Nimesema ziada sababu kuna mimba ambazo zingetoka wiki hizo hata bila kuguswa. Mkono wa anayechoma una maana sana, kwa hiyo muulize bila aibu, wewe unafanya ngapi kwa mwaka, na wagonjwa wako mwenyewe wamekuwaje. Dokta mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika nawe umepata jibu.

Nitaje na selimundu hapa kwa kifupi, maana wengine wasiwasi wao ni huo na wanapelekwa NIPT ya kawaida ambayo haiangalii selimundu. Ukionekana umebeba AS, yaani una kinasaba kimoja cha selimundu, hatua ya kwanza ni baba wa mtoto apimwe damu. Akiwa AA, yaani hana kinasaba hicho, mtoto hatakuwa na ugonjwa. Akiwa AS na yeye, ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba, na kipimo cha kondo au cha maji ndicho kinachotoa jibu.

Mambo ya kumwambia dokta kabla ya sindano

Kundi lako la damu. Kama ni hasi, Rh hasi, kwa kawaida unachomwa sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usipigane na damu ya mtoto, baada ya kipimo, na wewe ndio wa kukumbusha. Kama una VVU au homa ya ini B sema, usifiche, kipimo kinaweza kufanyika lakini virusi vinatakiwa viwe vimeshuka kwanza, na kwa homa ya ini B wingi wa virusi kwenye damu ndio unaoamua hatari ya mtoto kuambukizwa. Dawa za kuyeyusha damu, sema. Mimba ulizopoteza, sema.

Uliza pia maabara itaangalia nini. Kuna jibu la haraka la siku 2 hadi 3 linaloangalia kromosomu chache, 21, 18, 13 na za jinsia, alafu kuna la kromosomu zote linalochukua wiki 2 hadi 3, na kuna kile kipimo cha vipande vidogo zaidi, mikroarei. Hicho kinaona mengi, ila mara nyingine kinaona kitu ambacho hakuna anayejua maana yake, na kuna watu hawataki kubeba mzigo wa namna hiyo. Jua unataka kipi kabla, sio baada.

Na ujue mpaka wa vipimo vyote hivi. Hakuna kitakachokwambia mtoto atakuwa mwepesi au mzito kiasi gani wa kujifunza, ataongea lini, ataishi vipi. Usonji haumo humo. Kromosomu sawa haina maana kila kitu sawa.

Uchague watu wa kuongea nao

Hapa nilikosea mimi. Niliwaambia watu wengi mno siku ya kwanza, na kila mmoja akawa na shahidi wake, mwingine anamjua mtu aliyechomwa sindano mimba ikatoka, mwingine anamjua aliyeambiwa mtoto ana tatizo akazaliwa mzima, mwingine ananiambia nimekosa imani. Wote walinipenda na wote walinichosha. Chagua wawili watatu wanaoweza kukaa kimya ukiongea. Wengine waambie "tunasubiri vipimo", inatosha.

Mtafute mshauri wa vinasaba kama yupo, kazi yake ndio hii. Na kama hofu yako ni Down, jaribu kuongea na mzazi anayelea mtoto mwenye Down, maana dokta anakuonyesha orodha ya magonjwa na mzazi anakuonyesha mtu. Orodha ina ukweli wake, karibu nusu ya watoto hao wanazaliwa na tatizo la moyo na mengi yanafanyiwa upasuaji, wote wanachelewa kwa namna fulani kujifunza lakini tofauti kati ya mmoja na mwingine ni kubwa mno, na penye matibabu mazuri wengi wanafika miaka 60. Trisomia 18 na 13 ni habari nyingine, nzito zaidi, mimba nyingi hazifiki mwisho na watoto wengi wanaozaliwa wanafariki ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa wachache, kama 1 kati ya 10, wanavuka. Ndio maana lazima ujue karatasi yako inataja ipi. Usije ukalia kilio cha nyingine.

Rafiki yangu mmoja tuliyejuana kwenye foleni ya kliniki alikuwa na namba mbaya kuliko yangu, akachagua maji, akatoka na Down. Yeye alikuwa ameshaamua kuendelea, alitaka tu kujua. Wakaangalia moyo, wakakuta tundu, akapanga kujifungulia hospitali yenye madaktari wa moyo wa watoto, na alipata miezi minne ya kuhuzunika na kusoma na kuwaandaa watoto wake wakubwa. Dada mwingine niliyekaa naye benchi moja alikataa kila kitu, akasema naomba mniangalie presha na sukari, mengine mniachie. Mi nilikuwa nimeshapoteza mimba moja nyuma, sindano sikuiweza, nikaenda NIPT, ikasema hapana, nikaishia hapo na ultrasaundi ya wiki 20. Watatu sisi, namba zinafanana fanana, njia tatu, na sijaona aliyekosea.

Kalenda, alafu siku yenyewe

Kama uko wiki 11 hadi 13, milango yote iko wazi, NIPT unaweza kuchukua sasa, majibu mara nyingi ni wiki 1 hadi 2, na ikitoka ndiyo unaangukia kwenye wiki za kipimo cha kondo au za kutoa maji. Kama uko wiki 17 au 18, kaa uhesabu, NIPT wiki mbili, alafu maji, alafu majibu kamili wiki nyingine tatu, unafika 22 au 23 bila kujua. Ikiwa jibu unalihitaji kwa ajili ya uamuzi wenye kikomo cha wiki, inaweza kuwa bora kuruka NIPT. Kama jibu ni la maandalizi tu, huna haraka hiyo. Piga mahesabu na kalenda mkononi mbele ya dokta, kila tarehe iandikwe.

Siku ya kutoa maji nenda na mtu. Wanakupaka jeli, wanatafuta kwa ultrasaundi sehemu mtoto hayupo, sindano nyembamba inapita tumboni, wanavuta mililita 15 hadi 20, sindano yenyewe dakika chache. Rafiki yangu alisema ilikuwa kama kubanwa na hedhi kali, alafu ikapita. Maji mwili unayarudisha wenyewe. Siku ileile na inayofuata usibebe vitu vizito, maumivu kidogo ya kubana ni kawaida, tone la damu pia linaweza kutokea. Ila maji yakivuja ukeni, damu ikitoka ya kutosha, homa, kutetemeka, au tumbo linauma na halitulii, usisubiri asubuhi, nenda.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapo sina dawa. Mi nilirudi kazini sababu nyumbani nilikuwa nashika simu kila dakika. Jambo moja tu naomba ulipange kabla hujaondoka kliniki: utaambiwaje majibu. Ni haki yako kusema. Kwa simu au ana kwa ana, nani aambiwe, na muda gani, na ukitaka jinsia ya mtoto isitajwe sema pia. Karatasi ya majibu omba nakala, ipige picha, iweke na kadi ya kliniki, maana siku ya kujifungua unaweza kumkuta dokta mwingine kabisa. Mi mara ya pili niliwaambia wanipigie saa moja jioni, mume wangu akiwa amerudi, na wakipiga waniulize kwanza kama nimekaa.